Nguzo Nne za Simunul na Majina ya Mama Zetu



Wengi wenu mmeniandikia mkitaka niendelee na habari za majahazi na za babu zetu waliovuka na kaskazi. Leo nawaomba ruhusa niwapeleke mbali zaidi, kwenye kisiwa ambacho sidhani kama yupo hata mmoja katika ukoo wetu aliyewahi kukikanyaga. Kisiwa hicho kinaitwa Simunul, na kiko kusini kabisa mwa Ufilipino. Msiniulize mapema kinatuhusu nini. Nilipoanza kukisoma nilidhani nasoma habari za watu wengine.

Miaka michache kabla sijastaafu, ofisini kwetu hapa Maskati alikuja mtunza ghala Mfilipino. Alikuwa mtu mpole, mwenye kuswali kwa wakati, na sote tulishangaa kidogo kwa hilo, maana tulizoea kudhani kwamba Wafilipino wote ni Wakristo. Alhamisi moja baada ya adhuhuri alinijia mezani na bahasha ya plastiki. Ndani yake mlikuwa na nakala ya karatasi kuukuu, imeandikwa kwa hati za Kiarabu. Akaniambia, kwa ule mchanganyiko wetu wa Kiarabu cha sokoni na Kiingereza cha ofisini: "Ustadh, wewe umesoma Kiarabu. Nisomee hii. Imetoka kwa marehemu babu yangu."

Nikavaa miwani. Bismillahi niliisoma vizuri, na Alhamdulillahi nikaisoma vizuri. Mstari wa tatu ukanishinda. Herufi nilizijua, isipokuwa chache zilizoongezwa nukta, lakini maneno hayakuwa Kiarabu tena. Nikaendelea kutamka herufi baada ya herufi, mfano wa mtoto wa chuoni, bila kufahamu nisemacho. Nilipoinua macho nikamkuta mwenzangu anatikisa kichwa, machozi yamemlengalenga. Yeye msahafu alikuwa akiusoma, lakini mwandiko wa mkono usiotiwa irabu ulikuwa umemshinda tangu utotoni. Sasa alikuwa akisikia lugha ya kwao ikitoka kinywani mwangu. Nilipokosea irabu alinisahihisha. Alipokosea jina nilimwonyesha herufi. Tukaisoma hivyo mpaka mwisho.

Nyinyi mliokuta barua za bibi zetu kutoka Unguja, zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mnaelewa nilichokihisi. Nimewaona vijana wetu waliozaliwa hapa wakizitamka barua zile kwa ufasaha wa Kiarabu, wasijue kama bibi anaomba kanga au anatoa taarifa ya msiba.

Karatasi ile ilikuwa ni nasaba. Kwao huitwa salsila, na wengine husema tarsila. Yeyote aliyesoma Kiarabu atalitambua neno silsila, mnyororo. Fulani bin fulani, akamzaa fulani. Nikafurahi, nikamwambia na sisi tunayo. Wiki iliyofuata nikaleta nakala ya shajara yetu, ile mnayoijua wote, vizazi vinane kutoka Sharqiya hadi Unguja na kurudi. Akaitazama kwa adabu. Akapitisha kidole juu ya matawi, akahesabu kwa sauti ndogo. Kisha akauliza: "Na mama yao?"

Nikamwambia sisi hatuandiki mama. Akauliza kwa nini. Nikamwambia ndiyo desturi, kisha nikaagiza chai, nikageuza mazungumzo. Lakini swali lilibaki mezani baada ya vikombe kuondolewa.

Basi nikaanza kukisoma kisiwa cha mtu huyu, kwanza kwa udadisi, halafu kwa deni.

Simunul ni manispaa katika mkoa wa Tawi-Tawi. Jina hilo Mswahili hawezi kulisikia asitabasamu, kwa kuwa kwetu tawi ni tawi la mti, na shajara nayo ni mti. Huko kwao husemwa kwamba asili yake ni neno la Kimalay lenye maana ya mbali. Kwa hiyo Tawi-Tawi ni mbali-mbali. Maana zote mbili zinawafaa watu kama sisi. Kisiwa kipo karibu digrii 5 kaskazini ya ikweta, kama vile Unguja ilivyo digrii 6 kusini yake. Kaskazini yake ni Bongao, makao makuu ya mkoa, mji wa soko na bandari. Magharibi, ng'ambo ya bahari isiyo pana, ni Sabah, ambayo leo ni sehemu ya Malaysia. Pamoja na kisiwa chenyewe, manispaa inakusanya pia kisiwa kidogo cha Manuk Mangkaw.

Serikali ya huko imeigawa manispaa katika vijiji 15, na kila kijiji huitwa barangay. Neno hili lina asili ya kupendeza: ni jina la mashua ya zamani. Wafilipino husimulia kwamba wazee wao walifika kwa mashua, kila jamaa na mashua yake, na waliposhuka pwani wakaendelea kujiita kwa jina la chombo kilichowaleta. Mtu akiulizwa leo anaishi wapi, anajibu kwa jina la mashua bila kukumbuka. Na sisi tunajua koo zinazojitambulisha mpaka leo kwa jahazi walilokuja nalo.

Kuhusu idadi ya watu, sensa ya 2020 ilihesabu Wafilipino 109,035,343 katika nchi nzima. Mkoa wa Tawi-Tawi ulikuwa na watu 440,276. Simunul ina watu zaidi ya 30,000. Katika nchi ya watu milioni mia na ushei, hao ni tone. Walio wengi ni Wasama, watu wa bahari, ambao baadhi ya ndugu zao waliishi maisha yao yote ndani ya vyombo, wakizaliwa na kuozwa humo, wakishuka nchi kavu kwa maji ya kunywa na kwa maziko. Wa Simunul ni watu wa pwani: nyumba zao nyingi zimesimama juu ya nguzo kwenye maji ya kina kifupi, wanavua, wana minazi, na wanalima mwani. Huo mwani uwekeni akilini, nitaurudia.

Kijiji kinachokipa kisiwa heshima yake ni Tubig Indangan. Tubig ni maji. Hapo ndipo ulipo msikiti wa Sheikh Karimul Makhdum, unaohesabiwa kuwa msikiti wa kwanza wa Ufilipino. Mwaka unaotajwa ni 1380. Kwa hesabu hiyo, Uislamu ulijenga nyumba yake Simunul takriban miaka 140 kabla ya Magellan kufika visiwa hivyo mwaka 1521. Jengo la leo ni jipya, la saruji, lakini ndani yake zimehifadhiwa nguzo nne za mbao za mti uitwao ipil, ambazo watu wa kisiwa wanasema ni za msikiti wa kwanza. Mwaka 2013 bunge la nchi ile, ambayo wengi wa watu wake ni Wakatoliki, lilipitisha sheria kuutambua msikiti huo kuwa mahali patakatifu pa historia ya taifa. Na kila tarehe 7 Novemba huadhimishwa siku ya Sheikh Makhdum.

Sheikh huyo alikuwa nani? Nasaba za Sulu, ambazo tabibu mmoja mzaliwa wa Lebanon, Najeeb Saleeby, alizikusanya na kuzichapisha mwaka 1908, zinasimulia kwamba alivuka bahari ndani ya chungu cha chuma, na kwamba watu walimjia kutoka kila upande, akawajengea nyumba ya ibada. Nasaba hizo zinamweka Bwansa, katika kisiwa cha Jolo; watu wa Simunul wanamweka kwao. Kaburi lake nalo linaonyeshwa Simunul, na jirani zao wa Sibutu wanaonyesha jingine. Hakuwa hata Mwislamu wa kwanza kufika: juu ya mlima ulio karibu na mji wa Jolo lipo kaburi la mtu aitwaye Tuan Maqbalu, lenye tarehe ya mwaka 710 wa Hijra, ambao ni 1310 kwa miladi. Kabla yao nasaba inamtaja Tuan Masha'ika, aliyeoa binti wa raja wa mahali. Msomaji wa Kiarabu ataona kwamba Masha'ika hilo ni mashaikh, wingi wa sheikh, na huenda jina la kundi zima limegeuzwa kuwa jina la mtu mmoja. Bahari hubeba maneno hivyo.

Kwa neno makhdum nilisimama siku nyingi. Mwalimu wangu wa nahau, Mungu amrehemu, alikuwa akitufundisha kulirudisha kila neno kwenye mzizi wake. Mzizi hapa ni khadama, alitumikia. Makhdum ni mwenye kutumikiwa. Katika nchi za Uajemi na Bara Hindi ni lakabu ya heshima ya masheikh na mawalii. Mtendaji wa kitendo hicho ni khadim, mwenye kutumikia. Na hilo khadim, ndugu zangu, wote tunalifahamu kwa sura nyingine: Mhadimu. Ndilo jina waliloitwa wenyeji wa kusini na mashariki ya Unguja, Wahadimu, na wengi hulieleza kuwa limetoka kwenye mzizi huohuo. Hivyo upande mmoja wa bahari mgeni aliitwa mtumikiwa, na upande wetu mwenyeji aliitwa mtumishi. Lililobaki katika makala hii limetokana na hapo.

Turudi Sulu kidogo. Karibu mwaka 1450 alifika Sayyid Abu Bakr, kwa njia ya Palembang na Brunei, akawa sultani wa kwanza wa Sulu kwa jina la Sharif ul-Hashim. Nasaba zinampandisha hadi kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, na mapokeo yanamuunganisha na Hadhramaut. Hili lisitushangaze. Mabonde yaleyale ya Hadhramaut yaliyotupa masharifu wa Lamu ndiyo yaliyowapa watu wa mashariki masharifu wao. Jamal al-Layl, ukoo wa Habib Saleh aliyeasisi msikiti wa Riyadha pale Lamu, ndio pia ukoo wa watawala wa jimbo la Perlis huko Malaysia hadi leo. Mti ni mmoja, tawi moja limeelemea magharibi, jingine mashariki.

Lakini tazameni nasaba ya Sulu ilivyoandikwa. Sayyid Abu Bakr hakupata usultani kwa kushuka tu pwani na kufungua shajara yake. Alimwoa Paramisuli, binti wa Raja Baguinda aliyekuwa akitawala pale. Jina lake limeandikwa. Limeandikwa kwa sababu bila yeye sharifu ni mgeni mwenye elimu, na kwa yeye anakuwa mtu wa mahali. Nasaba ya baba ilimpa utukufu, na nasaba ya mke ikampa ardhi ya kusimama. Waandishi wa tarsila walilielewa hilo, wakaandika vyote viwili. Kwetu nako habari za Kilwa zinasimulia juu ya mgeni wa Kishirazi aliyekipata kisiwa kwa nguo za kukizunguka, na katika baadhi ya mapokeo mgeni huyo anamwoa binti wa mwenye kisiwa. Nguo tumezikumbuka vizuri. Binti ni nani miongoni mwetu anayeweza kumtaja?

Niliporudia picha za msikiti wa Tubig Indangan kwa mawazo hayo, niliziona nguzo zile upya. Sheikh alikuja na neno la Mwenyezi Mungu, na thamani ya neno hilo haipimiki. Mbao alizikuta kisiwani. Ipil ni mti wa pwani zile. Kilichobaki kimesimama na kushikika kwa mkono, baada ya zaidi ya miaka mia sita, ni kile kilichoota palepale.

Historia iliyofuata inafanana na yetu kiasi cha kuumiza. Sultani wa Sulu mwaka 1878 alitia sahihi mkataba juu ya ardhi yake ya Borneo ya kaskazini kwa malipo ya dola 5,000 kwa mwaka, na mpaka leo watu wanabishana kama ilikuwa ni kukodisha au kuuza. Miaka tisa baadaye, mwaka 1887, Sayyid Barghash naye aliwapa Waingereza mamlaka ya kuendesha pwani yake ya bara, ile tuliyokuja kuiita mwambao. Mwaka 1898 Uhispania iliiachia Marekani Ufilipino nzima kwa mkataba uliotiwa sahihi Paris, lakini waliochora mstari kwenye ramani walivisahau nje yake visiwa vya Sibutu na Cagayan de Sulu. Ikabidi mwaka 1900 watie sahihi mkataba mwingine, na Marekani ilipe dola 100,000 zaidi. Sibutu ni jirani wa Simunul. Fikirini wavuvi wa visiwa viwili waliokuwa wakioana tangu dahari, mmoja sasa yuko chini ya Marekani na mwingine ameachwa Uhispania, na hakuna kati yao aliyeambiwa.

Kisha ikaja hesabu. Sensa ya 1903, iliyofanywa na Wamarekani na kuchapishwa 1905, ilipata watu 7,635,426, ikawagawa mafungu mawili: wastaarabu, na washenzi 647,740. Waislamu wa Sulu waliwekwa katika fungu la pili. Neno letu ustaarabu, kama mjuavyo, maana yake ya asili ni kushika mwenendo wa Kiarabu. Watu waliokuwa na masharifu, makadhi, na nasaba zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, wakahesabiwa kuwa nje ya ustaarabu.

Sisi pia tulihesabiwa kwa mafungu. Katika sensa za Zanzibar za 1924 na 1931 ilikuwa lazima kila mtu aseme ni kabila gani, na katika miaka hiyo michache maelfu walibadilisha jina walilojitaja. Hawakuwa wamebadilika wao. Kilichobadilika ni faida na hasara ya kuitwa hivi au vile. Nahofia shajara nyingi zilizomo majumbani mwetu zimesafishwa katika kipindi hicho, na yetu huenda ni mojawapo.

Nisiache kusema juu ya waliotoka, kwani nyinyi mnaonisoma ni wana wa waliotoka. Tawi-Tawi ilitengwa na Sulu kuwa mkoa mwaka 1973, wakati wa vita baina ya serikali na wapiganaji wa Kiislamu. Februari 1974 mji wa Jolo uliteketea. Maelfu kwa maelfu walivuka kwenda Sabah, kama sisi tulivyovuka miaka kumi kabla yao baada ya Januari 1964. Yule mwenzangu aliniambia ana ndugu wengi ng'ambo kuliko nyumbani, na kwamba wapo miongoni mwao wasiokuwa na karatasi ya nchi yoyote: huku wamekoma kuhesabiwa, kule hawajaanza. Mwaka 1989 Tawi-Tawi iliingia katika jimbo la Waislamu lenye mamlaka yake ya ndani, na tangu 2019 imo katika jimbo jipya la Bangsamoro. Hali imetulia zaidi. Lakini ile hesabu ya watu wa Simunul ni ya waliokutwa nyumbani siku ya kuhesabiwa. Waliobaki wamo kwenye salsila tu, na ndiyo maana yule bwana aliibeba karatasi ile kila alikokwenda, ndani ya plastiki, pamoja na pasipoti.

Sasa nirudi kwenye swali lake.

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, amevuka miaka tisini, na Mungu amemwachia kumbukumbu yake. Nilikwenda kwake baada ya Isha. Nikaikunjua shajara kitandani kwake, nikaweka kidole kwenye jina la baba wa babu yangu, yule aliyetoka Sharqiya na msimu akafika Unguja kijana. Nikamuuliza: "Shangazi, huyu mkewe nani?"

Akanyamaza. Kisha akasema: "Mwanangu, mbona unafukua?"

Nikamwambia sifukui, naulizia mama yangu. Akasema waliolitoa jina lile walikuwa na sababu zao. Kwamba walipofika huku Omani, na Kiarabu chao kina lafudhi ya Kiswahili, waliulizwa maswali kuhusu mama zao, tena waliulizwa na watu wa kabila lao wenyewe. Kwamba wapo mabinti wa ukoo wetu waliokosa wachumba kwa majibu ya maswali hayo. Sikujua. Nilikuwa kijana wakati ule, naye alikuwa mtu mzima mwenye mabinti wa kuoza. Nikaona aibu kwamba nilikuja na uchungu wangu wa mwaka mmoja kwa mtu aliyebeba wake miaka hamsini.

Nikainuka nimpe mkono nimuage. Akanishika kiganja, hakukiachia. Akaniambia: "Alikuwa mtu wa Makunduchi."

Kisha yakaja yote, taratibu. Alikuwa Mhadimu, muungwana, mwenye minazi yake. Mume hakuja na kitu ila sanduku la mbao na jambia. Nyumba aliyoijenga aliijenga kwenye kiambo cha wakwe zake, na minazi iliyowasomesha watoto wake ilikuwa ya mke. Alipofariki, mume alikaa eda ambayo sheria haimlazimishi mwanamume; miezi minne na siku kumi hakutoka ila kwa sala. Watoto wake walijifunza Kiswahili kwake, na Qur'ani kwa baba yao, na ndiyo mirathi yote miwili niliyonayo mimi ninayekuandikieni. Ukoo uliposafisha karatasi uliandika kwamba baba yule "alioa huko shamba". Baadaye hata hayo maneno matatu yakafutwa.

Nilitoka kwa shangazi usiku sana. Nikakumbuka mwani. Wanawake wa Makunduchi, Jambiani na Paje wanaolima mwani leo, wale tunaowaona wameinama kwenye maji ya kupwa wakifunga vipande kwenye kamba, mbegu yao ililetwa mwishoni mwa miaka ya 1980 kutoka Ufilipino. Kilimo hicho kilianza huko katika bahari ya Sulu mapema miaka ya 1970, na Tawi-Tawi mpaka leo ni miongoni mwa mikoa inayokitegemea zaidi. Maana yake bahari ya yule mtunza ghala na pwani ya bibi yangu zilikuwa zimekwisha kupeana mbegu miaka mingi kabla sisi wawili hatujakutana mezani. Na mikono iliyoipokea ilikuwa ya wanawake, katika kijiji kilekile nilichofundishwa kutokukitaja.

Mkataba wa yule bwana ulikwisha, akarudi kwao. Kabla hajaondoka nilimwita, nikamwonyesha shajara. Pembeni ya jina la baba wa babu yangu palikuwa na jina jipya, kwa wino mweusi, kwa mwandiko wangu wa kikarani. Akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akalitamka mara mbili ili asilisahau, kisha akasema Alhamdulillah. Baada ya miezi akanitumia picha: yeye na wajukuu wake ndani ya msikiti wa Tubig Indangan, mkono wake juu ya nguzo mojawapo.

Jina hilo sikuliandika hapa, na najua baadhi yenu mmelitafuta tangu mlipoanza kusoma. Shangazi alinipa kwa sharti. Alisema: "Liandike kwenye karatasi ya nyumba. Usilipeleke sokoni mpaka nimeondoka." Alikuwa na haki ya kuweka sharti, na mimi ninalitimiza. Kila mwenye haki na shajara yetu atakayefika kwangu Maskati atalikuta limeandikwa, na nitamsomea kama nilivyomsomea mgeni.

Pengo bado ni kubwa. Katika vizazi vinane tumejaza jina moja. Nawaomba kila mmoja, popote alipo, Dubai, London au Mombasa, aende kwa mkubwa aliyebaki katika nyumba yao na aulize jina moja la mama, kwa upole, bila kalamu mkononi kwanza. Mkipewa sharti, lishikeni. Mkinyamaziwa, rudini siku nyingine na kilo ya halua.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliovuka na waliowapokea, na amwongezee shangazi afya na umri mwema. Amin.